Mionzi Saba ya Kabati, Kuanzia Inayosingiziwa

Hapa Kabati, njia ya Kitui kwenda Machakos, neno mionzi lina kazi nyingi kuliko bodaboda. Kichwa kikiuma, ni mionzi. Kuku akikataa kutaga, ni mionzi. Mgonjwa akirudi kutoka Nairobi amekonda, mionzi tena. Nimeipanga saba, kuanzia ile inayosingiziwa tu hadi ile inayostahili hofu yetu. Mnaobishana pale stendi, hesabuni nami.

7. Ya busta. Mnara wa simu hutoa mawimbi ya redio. Ni ndugu wa mwanga, lakini ndiye mnyonge wa ukoo. Chembe yake moja ina nguvu ndogo kuliko chembe ya mwanga wa koroboi, na haiwezi kuvunja kitu ndani ya seli. Kuhusu kuku wako, anza na chakula unachompa.

6. Ya redio. Musyi FM inatufikia kwa mawimbi ya ukoo uleule. Anayeikimbia huwa anakimbia sauti iliyopandishwa na jirani.

5. Ya sola. Muuzaji akikwambia kwamba jua likichoma zaidi utapata stima zaidi, mpe kiti mzungumze. Paneli hula mwanga, si joto. Ikipata joto kali nguvu hupungua. Ndiyo maana huinuliwa kidogo juu ya bati, upepo upite chini. Kwa kutuondolea moshi wa koroboi machoni mwa watoto wanaosoma usiku, mwonzi huu ningeupa uchifu.

4. Ya kuanika. Ndengu hazina neno, zianikeni. Wanaodhulumiwa ni embe na majani ya kunde: jua la moja kwa moja huharibu ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yaanikwe kivulini penye upepo. Kunde iliyopauka imebakiza jina.

3. Ya hospitali. Hapa nitakaa kidogo. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete. Picha moja ya kifua ina mionzi inayokaribia ile unayoipata kwa siku kumi hivi za kuishi tu, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Daktari akiiagiza, nenda. Mwenye mimba aseme mapema. Mhudumu hujificha nyuma ya ukuta kwa sababu yeye yuko hapo mchana kutwa. Hakukimbii wewe.

Kinachoniuma ni tiba ya mionzi. Mama anarudi kutoka Nairobi, ametibiwa saratani kwa mashine, na nyumbani kikombe chake kinatengwa. Jamani! Mashine ikizimwa mionzi imekwisha, sawa na tochi. Hakuna inayobaki mwilini ikisubiri kumrukia mjukuu. Wale wachache wanaopewa dawa yenye mionzi ndani ya mwili huelezwa na hospitali wakae mbali na watu kwa muda gani. Wengine wote, wapeni mtoto wampakate, na uji wanywe kwa kikombe chochote kabatini.

2. Ya kuchomelea. Fundi wa mageti, umevaa miwani ya urembo na unautazama ule mwako wa buluu kana kwamba unakudai. Mwako huo hutoa mionzi ya urujuanimno, inayounguza ngozi ya jicho bila wewe kusikia. Usiku ndipo macho huwa kama yametiwa mchanga. Tafuta kinyago chenye kioo cha kazi hiyo, na watoto wanaotoka shule uwafukuze kwa sauti uliyonayo. Geti zuri lastahili fundi anayeliona.

1. Ya jua lenyewe. Bingwa! Tuko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, na adhuhuri urujuanimno inatushukia kutwaa ushuru. Joto lake halisikiki, wala mawingu membamba hayaizuii, kwa hiyo siku yenye ubaridi si kinga. Wenye ualbino ndio wanaoilipia kwa saratani ya ngozi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa krimu ya kujipaka, lakini krimu bila kofia pana na mikono mirefu ni nusu ya kazi. Mwalimu, mtoto mwenye ualbino avae kofia hata gwarideni, na dawati lake likae mbali na dirisha. Nidhamu haitapungua.

Na bingwa huyuhuyu huua vijidudu vya maji bure. Jaza chupa safi ya plastiki angavu, ilaze juani kwa muda wa saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili. Maji ya silanga yana tope, kwa hiyo yatulize kwanza, uyachuje kwa kitambaa mpaka uweze kusoma gazeti kupitia chupa, ndipo uyapandishe juu ya bati.