Shosho Ameanguka Tena

Masika yakishika, sisi wazee wa Gataka hatuendi dukani, tunateleza kuelekea dukani. Udongo wetu mweusi ukilowa hunata kwenye gambuti tabaka juu ya tabaka, na ukifika kwa mama mboga umebeba nusu shamba la jirani.

Kijana akianguka, watu hucheka. Nikianguka mimi, nduthi husimama, na makanga anayening'inia mlangoni hutangaza, "Shosho ameanguka!" ili hata waliokuwa wakitazama kwingine wasikose. Pole zinamiminika. Mimi huangalia mayai kwanza, mfupa baadaye.

Mjukuu wangu alichoka kuniokota, akanipeleka kwa daktari wa viungo. Nilitarajia lawama ziangukie magoti au macho. Binti yule akanisimamisha mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kama sentimita 10 kutoka ukutani, akasema, "Shosho, gusisha goti ukutani, kisigino kisinyanyuke." Goti liligoma katikati ya safari.

"Ni kifundo. Kimekauka."

Kumbe mtu akipiga hatua, kifundo hukunjika ili mwili upite juu ya unyayo. Kikikataa, vidole hukwaa hata kwenye zulia. Na ukiyumba kidogo, hicho hicho ndicho hukimbilia kukuweka sawa kabla nyonga haijapata habari. Changu kilikauka taratibu. Zamani nilichuchumaa kwenye mafiga, kwenye kuchambua maharagwe, hata chooni. Kisha wanangu wakanijengea choo cha kukalia, kwa heshima zote, na tangu hapo maisha ni kiti baada ya kiti.

Sidharau kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi. Utafiti wa Brazili uliotolewa 2022 uliwapima watu wa miaka 51 hadi 75: walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikuwa hatarini zaidi kufa katika miaka iliyofuata.

Kwa hiyo chai ikichemka, mimi husimama uani kwa mguu mmoja, mkono karibu na ukuta, midomo ikihesabu. Juzi mzee wa Kimaasai alikuwa nje ya ua na mbuzi wake, naye kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, anaongea kwa simu bila hata kutikisika. Alipokata simu akanisalimu, "Takwenya." Nikajibu, "Iko," nikiyumba.

Akanitazama kwa muda.

"Mama, na wako wamepotelea wapi?"

"Kina nani?"

"Mbuzi."