Daraja za Kurudisha

Kurejesha mali ya umma nchini Tanzania kuna daraja zake, zilizopangwa kwa busara. Akikutwa mtu wa Mgwashi, Usambara, na gogo la mkulo kutoka msitu wa hifadhi, shoka na gogo huwa vielelezo. Hakuna anayemuuliza ni lini atalirudisha kisikini. Shilingi bilioni 133 zilizochotwa na kampuni 22 Benki Kuu, katika akaunti ya EPA ya kulipia madeni ya nje, mwaka wa fedha 2005/06, zilikuwa za watu wenye shughuli nyingi. Kwa hiyo mwaka 2008 Rais Kikwete aliwapa hadi Oktoba 31 wazirudishe. Mahakama iliwekewa wachelewaji. Waliowahi hawakutangazwa majina, wasije wakafedheheka bure harusini.