Kondoo Hawakupelekwa Shule

Wasanii wa dhihaka katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, wana kazi ngumu: kila wakitaka kuikejeli serikali, wanakuta imeshajikejeli yenyewe. Kati ya 1944 na 1986 zilichimbwa huko takriban tani milioni 30 za mawe ya urani, na kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa serikali hiyo hiyo. Mabomu yaliyotokana na urani hiyo yakaenda zake. Migodi zaidi ya 500 ikaachiwa wenyeji, bure kabisa, bila hata kudaiwa nauli. Wapo waliookota mawe yake wakajengea nyumba. Wa kuwaonya hakuonekana. Julai 1979 bwawa la taka za urani likapasuka huko Church Rock, sumu ikaingia Mto Puerco. Mabango ya hatari yakasimikwa, ila kondoo, maskini, hawakupelekwa shule.

Chip Thomas, msanii na daktari aliyewatibu wenyeji kwa miaka mingi, hubandika picha kubwa kubwa kwenye vibanda vya barabarani. Watalii husimama, husifia, hupita. Msanii na ndoo yake ya gundi hamalizi wiki kabla picha haijasimama. Wenye bajeti ya kusafisha migodi, mabwana wakubwa, kwa mingi wangali kwenye upembuzi yakinifu.