Mkaguzi Asiye na Kiti

Jumatatu, 14 Julai
Nimeripoti fildi. Kampuni ni ya ukaguzi wa hesabu, kubwa, iko ghorofa ya kumi na nne huku Posta. Barua yangu ya kukubaliwa ina saini za watu watatu, na leo wote watatu hawakuwepo. Dada wa mapokezi ameisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma. Nyuma hakuna kitu. Akanipa kadi ya mgeni na kuniambia nisubiri. Saa saba mchana nikaambiwa niende kula.

Baada ya chakula tumefanyiwa semina. Tumeelezwa kwamba hapa hakuna bosi, kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza. Jioni nikajikuta kwenye lifti na mmoja wa wenye kampuni, mzee wa mvi. Jina lake la kwanza halikutoka mdomoni. Shikamoo ndiyo hivyo tena, imeachwa ghorofani. Tulitazama namba zikishuka. Kwenye ya sita nikasema, "Shi..." Akadakia, "Marahaba, baba," kwa kasi ya mtu aliyekuwa na njaa nayo.

Jumanne, 15 Julai
Viti ni vichache kuliko watu, na imefanywa hivyo kwa makusudi: mkaguzi anatakiwa awe kwa mteja, si ofisini. Kwa kuwa mimi sina mteja, nimepewa kiti ambacho mgongoni mwake limetundikwa koti la bluu. Mwenye koti, nimeambiwa, katoka kidogo.

Kiyoyozi kiko nyuzi 18. Nje watu wanalalamika kwamba kipupwe cha Dar kimezidi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimejaza fomu ya maslahi. Mkaguzi haruhusiwi kumiliki hisa katika kampuni anayoikagua, kwa hiyo kila mtu anaandika hisa zake, za mwenzi wake na za familia yake, hata mwanafunzi ambaye mali yake yote ni begi na bumu la muhula uliopita. Fomu inasisitiza kutaja kila kitu. Mama yangu yuko kwenye kikoba Morogoro, na kwenye kikoba michango inaitwa hisa. Nimeandika: hisa, tano kila wiki.

Jumanne, 22 Julai
Kitengo cha maadili kimejibu. Kinauliza kikoba hicho kimesajiliwa wapi, kama ni mteja wetu au la, na nani anakikagua.

Nimempigia mama. Amenyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwambie huyo mtu sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu, na siku ya kufungua tunahesabu mbele ya kila mtu. Huko kwenu mnafanyaje?"

Nimepeleka majibu yote isipokuwa swali la mwisho. Nimearifiwa kwamba kikoba kimeingizwa kwenye orodha ya kufuatiliwa. Mama nimemwambia mambo yamekwisha.

Ijumaa, 25 Julai
Sina kompyuta wala anwani ya barua pepe ya kazi. Kaka wa TEHAMA anasema ombi langu liko kwenye foleni na nitajulishwa likikamilika. Nitajulishwa kwa barua pepe ya kazi.

Leo ofisi nzima imetumiwa orodha ya watu ambao hawajafanya mafunzo ya usalama wa mtandao. Jina langu ni la kwanza, kwa alfabeti na kwa siku za kuchelewa. Mafunzo yenyewe yanafanyikia kwenye kompyuta. Meneja amepita akanitazama kwa huzuni, akasema usalama wa taarifa za mteja unaanza na mimi.

Kwenye daftari la chuo nimeandika: "Nimejifunza umuhimu wa usalama wa mtandao."

Jumatatu, 28 Julai
Kadi ya mgeni inafungua mlango wa kwenda ngazini. Haifungui wa kurudi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuongea na simu. Nimeshuka ghorofa zote kumi na nne, nikapanga foleni upya mapokezi, nikapewa kadi nyingine ya mgeni. Kwa hesabu za jengo, leo niliingia mara mbili na bado sijatoka.

Alhamisi, 31 Julai
Hatimaye mteja. Tumeenda kuhesabu mali kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere. Mteja alifunga hesabu zake Juni 30, sisi tunahesabu leo, kisha tutarudi nyuma kwa karatasi: tutaongeza vilivyouzwa Julai na kutoa vilivyoingia, mpaka tufike Juni. Nilidhani ni utani. Ndivyo inavyofanyika.

Kiongozi wa timu, kaka aliyenipita chuoni miaka miwili, amenipa somo akiwa kwenye gari. Unachukua orodha unakwenda kutafuta mzigo, ujue kama kilichoandikwa kipo. Halafu unachukua mzigo unakwenda kuutafuta kwenye orodha, ujue kama kilichopo kimeandikwa. Na usiamini rundo kwa kulitazama ubavuni, kwa sababu rundo linaweza kuwa na tundu katikati. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepandishwa juu ya katoni za sabuni kutazama tundu. Tundu halikuwepo. Nikiwa huko juu, foklifti ikaondoka na paleti niliyopandia.

Wakati wa kuhesabu hakuna mzigo unaotakiwa kusogezwa. Jambo hili lilijadiliwa kwa muda mrefu huko chini, kwa sauti, kabla ya mtu kukumbuka kuniteremsha.

Mzee mtunza stoo hakuwa na karatasi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema sabuni ni katoni 414. Sisi tukapata 412. Tukarudia, tukapata 412. Kiongozi wa timu akaanza kuandika hoja ya ukaguzi: upungufu wa katoni mbili, sababu haijulikani, udhibiti wa ndani una udhaifu. Ana mwandiko mzuri, na aliandika bila haraka. Mzee alimsubiri mpaka akaweka nukta. Kisha akamwambia, "Sasa mwanangu, naomba usimame."

Alikuwa amezikalia.

Hoja imefutwa. Ila ile ya udhibiti wa ndani kiongozi ameiacha, anasema bado ina ukweli.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Wakulima wanaonyesha mazao. Mimi nimelala.

Jumatano, 13 Agosti
Kazi ya wiki hii ni kulinganisha vocha za malipo na risiti za mashine za EFD. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na karatasi yake haina wino, huandikwa kwa joto. Ukiiweka kwenye faili, maandishi yanafifia mpaka yanakwisha. Mteja wangu alikuwa na faili safi kuliko yote niliyowahi kuona: kila vocha imebanwa na kikaratasi cheupe pe.

Nimemwuliza mhasibu wao risiti iko wapi. Akanionyesha kidole: "Ndiyo hiyo." Nikamwuliza imeandikwa nini. Akasema kwa hasira kidogo kwamba yeye anaijua, ilikuwa ya dizeli.

Nimemrudishia meneja swali. Amesema bila risiti mteja hawezi kudai ile asilimia 18 ya VAT aliyolipa, kwa hiyo jambo ni zito na lazima tubaki na ushahidi. Nitoe nakala. Mchana kutwa nimesimama kwenye mashine nikitoa nakala za karatasi nyeupe. Ilipofika alasiri mashine ikaandika kwamba wino umekwisha. Sijui ulikwenda wapi.

Jumanne, 19 Agosti
Mwalimu wa chuo alikuja kunikagua. Mimi nilikuwa nimetumwa benki kupeleka barua ya kuthibitisha salio, barua ambayo kwa kanuni za ukaguzi jibu lake lazima lije kwetu moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa mteja. Niliipeleka kwa gari la mteja.

Mwalimu alionyeshwa kiti changu. Akaona koti. Akaambiwa, "Yupo, katoka kidogo." Akakaa, akanywa chai, akaondoka. Kwenye fomu ya tathmini ameandika kwamba mahudhurio yangu ni mazuri sana na kwamba mavazi yangu ni ya kiofisi.

Mwenye koti bado sijamwona. Simu yake ikilia napokea mimi. Jana mteja mmoja alinishukuru kwa kazi niliyomfanyia Machi.

Alhamisi, 28 Agosti
Nimekula kwa mama ntilie nyuma ya jengo: wali, maharage, mchicha. Kwenye benchi la mwisho, nyuma ya nguzo, alikuwepo meneja wetu, yule ambaye kila mchana huaga kwamba anakwenda kula na mteja hotelini. Tai ameitupia begani isiingie mchuzi. Tumetazamana. Akasogea kunipisha. Hatukuzungumza chochote, ila kanilipia.

Ijumaa, 12 Septemba
Siku ya mwisho. Ili nipewe barua lazima fomu ya kuondoka itiwe saini na kila kitengo. Maktaba wametia, mapokezi wametia baada ya kuuliza kadi ya kwanza ya mgeni iko wapi. TEHAMA wamekataa. Fomu inasema mfanyakazi arudishe kompyuta. Nimesema sikupewa. Kaka wa TEHAMA amesema anaelewa, lakini mfumo haumruhusu kupokea kitu ambacho hakikutoka.

Ameshauriana na mkubwa wake kwa simu. Suluhisho limepatikana kabla ya swala ya Ijumaa: wamenipa kompyuta, mpya, ingali na nailoni kwenye kioo. Nimetia saini kuipokea. Wamenifungulia anwani ya barua pepe, jina langu limekosewa herufi moja. Nimekuta ujumbe mwingi, karibu wote unahusu mafunzo ya usalama wa mtandao. Kwa kuwa nilikuwa nasubiri mkubwa atie saini ya kupokea, nimeyafanya. Nimepata alama zote.

Kisha nimeirudisha kompyuta, nimesaini, wamesaini. Kaka wa TEHAMA ameikagua pande zote na kuandika kwamba imetunzwa vizuri.