Ua Lisilo na Mwenyewe

Kalenda ya chumbani kwangu Kawangware ina waridi la Ulaya kila mwezi, na nashuku ni waridi lile lile wanaloligeuza shingo. Kufika Juni lilikuwa limenichosha. Nikaamua kutundika ukutani ua ninalolijua: maruru, ile alizeti mwitu ya njano inayoota popote ambapo jembe wala kanjo hajafika. Waluhya waliliita hivyo kwa uchungu wa majani yake. Wajaluo wakasema maua makech, uchungu ule ule. Kwao hasa ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huku lililetwa kama ua la bustani, likapandwa kuwa ua wa boma, leo linafyekwa kama gugu. Na siku niliyokwenda kulipiga picha, nusura liniue na mimi.

Nyuma ya choo chetu yamejaa. Lakini mpiga picha gani anapiga picha kwao? Jumamosi nikatembea mpaka Kibera, kando ya reli pale Laini Saba, kwenye kichaka kinachonipita urefu. Nikapiga magoti. Ukilisogelea maruru utaona kwamba hilo unaloliita ua moja ni baraza zima la vijiua: katikati vimebanana kama abiria wa matatu, na yale majani ya njano ya pembeni ni vijiua vingine vilivyojitanua kuita nyuki.

"Kijana, unapima nini hapo?"

Swali lilikuwa na haki yake. Aliyeona tingatinga za Julai 2018 zikibomoa nyumba kupitisha barabara Kibera hamchekei mtu aliyepiga magoti na kufumba jicho moja.

"Napiga picha ua, mzee."

"Ua gani? Hilo?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha huruma ikamwingia, akachuma jani. "Kama ni tumbo, sema tu. Tafuna."

Nikatafuna, kwa heshima ya mvi zake. Ulimi ulikufa ganzi. Nikajikakamua kumweleza, machozi yakinilenga, kwamba miaka ya tisini watafiti waliyajaribu majani haya kule magharibi ya Kenya wakaona yanarutubisha shamba.

"Basi nunua gunia," akasema mama mmoja aliyetokea na beseni. "Hiyo maua ni yangu. Hapo ndipo naanikia nguo."

Gugu ambalo asubuhi halikuwa na mwenyewe sasa lilikuwa na daktari na mwenye nyumba. Kodi ya kupiga picha: shilingi hamsini. Nikalipa. Mama akaanika nguo zake, nami nikalenga.

Ndipo gari moshi likapiga honi. Wenyeji walisogea hatua mbili, bila hata kukatiza mazungumzo. Mimi niliruka kinyumenyume, mguu ukaishia mtaroni hadi gotini, kidole kimegandamana na simu, picha zikijipiga mfululizo.

Nyumbani nilihesabu 43. Anga, ndara yangu ikielea, meno ya mzee. Moja tu ndiyo yenye ua, nikaisafisha nikaitundika palipokuwa na waridi.

Shangazi alipokuja kunitembelea aliisogelea, akavaa miwani.

"Hii shumizi ni ya nani?"

Nikaanza kumweleza habari za vijiua vilivyobanana, na nyuki, na Meksiko.

"Nimeuliza shumizi."