Songea Iko Kulia, Ndege Iko Kushoto

Ukikiuliza kikokotoo cha mtandaoni umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Songwe na ule wa Songea, kitakujibu bila kukohoa: kilomita 320 hivi, chini ya saa moja. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayotuponza watu wa Kisondela, maana imepimwa kutoka lami hadi lami, kana kwamba abiria huota kama nyasi kandoni mwa uwanja. Abiria wa huku huanza na bodaboda, kwenye tope la Rungwe ambako mvua haijui likizo, begi mgongoni na mkungu wa ndizi mapajani, huku dereva akisimama kwa kila mzee, kwani salamu ya "ugonile" haisemwi pikipiki ikiwa mbioni. Tukuyu anasubiri Noah ijae, nayo haijai mpaka waliotangulia kukaa waanze kujuta. Uyole ndipo kichekesho kinapokolea. Songea iko kulia, kwa njia ya Makambako na Njombe. Uwanja uko kushoto, ng'ambo ya jiji la Mbeya, kupita Mbalizi, nyuma ya malori ya Tunduma. Msafiri anaipa Songea kisogo ili aiwahi! Tena ukichora mstari ulionyooka, Kisondela yenyewe iko karibu na Songea kuliko uwanja huo. Tatizo ni Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone, ambavyo havipandi bodaboda.

Na hapo bado hajaruka. Ndege za abiria za huku mara nyingi hupitia Dar es Salaam: kilomita kama 690 kwenda, kisha 580 hivi kurudi kusini. Jumla inakaribia 1,270, mara nne ya alizoahidiwa, na ndege zisipopatana kuna usiku wa kulala kwa shemeji Mbagala, ambaye naye atazitolea macho zile ndizi, kama zilinusurika kwenye mizani ya uwanjani. Kwa barabara ni kilomita 500 na ushee, na basi halimtaki mtu afike baharini kwanza.

Watasema dawa ni ndege ya moja kwa moja. Sawa, iletwe. Lakini Q400 ya Air Tanzania ina viti 76, na wa kuvijaza kila siku kati ya Songwe na Songea itabidi watafutwe kwa tochi. Hata ikijaa, itaokoa muda wa angani, mahali ambapo hatukuwa tumeupoteza. Ule wa Tukuyu na Mbalizi utabaki palepale. Watasema pia kwamba kwenda Dar ndege inalishinda basi. Hapo nasalimu amri: kilomita zaidi ya 800 za barabara ni adhabu, almuradi ukungu wa asubuhi pale Songwe usiamue vingine. Ila aliyealikwa harusi Songea hakualikwa Dar.