Wapangaji wa Riwaya

(Nairobi, saa tatu usiku. Soja wa jengo moja la ofisi amenunua nakala kuukuu ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, kwa wauzaji wa inama wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Ameiacha juu ya meza ya kibandani na kwenda kufunga lango. Ndani ya kitabu wamo wapangaji wanne.)

MUHURI: Kimya! Mimi ndiye mwenye mji humu. Niligongwa ukurasa wa kwanza, wino wa zambarau: "Mali ya shule. Hakiuzwi."

MWAKENYA: Na leo kimeuzwa bei gani, Mwalimu?

MUHURI: Shilingi mia. Soja alianzia sitini. Lakini biashara yenyewe ni haramu!

MWAKENYA: Muuzaji alikufunua, akakusoma, kisha akataja bei. Hata kukohoa hukukohoa.

NOTI: Mwache, kijana. Mihuri mingi ya nchi hii kazi yake ndiyo hiyo.

BARUA: Wewe uliyeuliza bei, mbona sauti yako inatoka nje?

MWAKENYA: Niko chini ya gazeti lililofunikia jalada, dada. Mimi ni mwakenya. Babu zangu walikuwa vikaratasi vya siasa vya miaka ya 1980, mtu akikutwa navyo anafungwa. Siku hizi ukikutwa nami unafutiwa mtihani. Kitabu hiki kilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, nami nimekibeba chote kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: sifa za Mtemi Nasaba Bora upande huu, maudhui upande ule.

BARUA: Basi aliyekuandika alikisoma sana.

MWAKENYA: Nani, yule binti? Alininakili kutoka kwenye mwongozo, na mwongozo wenyewe wa kuazima. Kitabu alikuwa akikibeba ili mwalimu asimtoe darasani. Kufika siku ya karatasi ya tatu, akanisahau humu humu.

BARUA: Mimi naomba nisiulizwe.

NOTI: Hakuna aliyekuuliza, binti yangu.

BARUA: Basi nitasema. Nina kurasa mbili, na mstari wa kwanza peke yake una "mpenzi" tatu. Kijana wa shule ya wavulana alikutana na binti huyo kwenye kongamano la Fasihi, ule mkutano ambapo shule mbili huja kuchambua setibuku na hakuna anayechambua chochote. Akamwazima kitabu hiki, nami nikiwa ukurasa wa 21. Akamwambia, "Ukifika 21 utajua."

MUHURI: Alimwazima kitabu cha shule! Nani alitia saini?

NOTI: Akafika?

BARUA: Ukurasa wa 21? Mzee, hakufika wa pili. Kijana alingoja jibu muhula mzima, mwisho akajiunga na chama cha ushairi.

NOTI: Binti huyo ni mtoto wa mmiliki wangu. Mimi ni elfu moja, ile ya zamani yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Baba mtu alitaka kunificha mkewe asinione. Akafikiria godoro, akafikiria koti la harusi, kisha akatupa jicho kwenye rafu ya vitabu na kutabasamu. Nyumba ile hakuna anayefungua riwaya.

MWAKENYA: Benki imara.

NOTI: Imara kupita kiasi. Juni 1, 2019, Sikukuu ya Madaraka kule Narok, gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akatangaza noti mpya, kwani Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye noti. Sisi wa elfu tukapewa mpaka Septemba 30, ili waliorundika fedha haramu wabanwe. Baba watu alipekua nyumba miezi minne. Alikung'uta viatu, akazamisha mkono kwenye unga. Kitabu hiki alikiinua mara mbili, akapangusa vumbi chini yake, akakirudisha.

MUHURI: Alikuwa amesahau?

NOTI: Alikumbuka vizuri kwamba ni kitabu. Ila kufungua vitabu, kimoja kimoja, ukurasa kwa ukurasa! Akaona heri hasara.

MWAKENYA: Na wenzako?

NOTI: Zaidi ya milioni 7 hawakurudi, karibu shilingi bilioni 7.4. Wengine walifia maguniani, kwa wakubwa walioogopa kuulizwa wamezipata wapi. Mimi nimeuawa na uvivu wa kusoma.

(Soja anarudi, anawasha tochi ya simu, anafunua kitabu.)

MWAKENYA: Huyu ana mtihani?

MUHURI: Ana mvi.

MWAKENYA: Basi ana mtoto wa kidato cha nne.

MUHURI: Muuzaji alimwambia hakitahiniwi tena. Akajibu, "Najua."

MWAKENYA: Sasa anatafuta nini?

BARUA: Jamani, amepita ukurasa wa 15! Nimekaaje? Mikunjo yangu iko sawa?

(Soja anaifikia Barua. Anaisoma yote, anacheka mpaka anafuta machozi, anaikunja na kuirudisha palepale. Noti inadondoka. Anaimulika, anaiona sura, anaguna. Anaendelea kusoma. Saa nane za usiku anaiweka Noti kwenye ukurasa aliofikia, anafunga kitabu na kwenda kuzunguka jengo.)

NOTI: Benki Kuu ilinifuta kazi, soja kaniajiri.

MUHURI: Sasa nisikilizwe. Shule iliyonigonga, kama mnakitafuta kitabu chenu, kiko hapa kibandani, langoni. Ila msije wiki hii. Huyu mzee yuko ukurasa wa 40, na tangu nigongwe sijaona mtu akifika huko.